Mikono ya Bi Harusi na Kalamu Zetu

Kabla sijawasema wenzangu nijiseme mwenyewe. Katika harusi ya binti ami yangu, hapa Wete, nilighani shairi nililolitunga kwa siku tatu. Ubeti mzima niliuweka kwenye mikono yake: maua yamechanua viganjani, mashina yamepanda hadi kiwikoni, na mengineyo. Vigelegele vikapigwa. Bi harusi alikuwa kaificha mikono hiyo chini ya mtandio, kwa sababu maua niliyoyasifu yalikuwa yamefura malengelenge. Nami nilijua. Asubuhi yake ni mimi niliyemshikia beseni la maji baridi.

Tangu hapo kila mswada wa mwenzangu ukinifikia naitafuta mikono kwanza. Jamani, hali si nzuri. Bi harusi huingia "amepambwa akapambika", mikono "imenakshiwa", basi, hadithi inakimbilia kwa mchumba wa zamani anayelia nje ya ukumbi. Hina tunaitaja ili msomaji ajue tuko Pwani, kama tunavyoitaja karafuu ili ajue tuko Pemba. Nani kaipaka, saa ngapi, kwa mkono gani, hakuna anayeuliza.

Na usiku wa hina ni hadithi kamili, bwana! Majani ya mhina yameshatwangwa, yamechungwa, yamekorogwa kwa ndimu na kuachwa yalale. Mpakaji kakaa mkekani na kijiti cha chelewa, au siku hizi koni ya plastiki. Bi harusi kanyoosha miguu juu ya mto, na kuanzia hapo mwili si wake. Hawezi kujikuna wala kufukuza mbu. Kanga ikimlegea hufungwa na mwingine. Hulishwa kwa tonge kama mtoto. Akitaka kwenda chooni ni kazi ya watu wawili, na mmoja wao heri awe shoga yake wa kweli. Msichana aliyekuna nazi na kuteka maji tangu utotoni, leo kaachishwa kazi, na ua lile litakalobaki ngozini ndilo shahidi kwamba alitulia. Akichezacheza, mstari unavurugika na kesho wanawake wote watauona. Mie sijasoma hadithi yetu hata moja iliyoingia chumba hicho na kukaa humo hadi alfajiri.

Wazee walilijua hili. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unamuusia binti ajipambe, na humo hina ni jambo la kufanya, tena bila kuacha. Sisi tumeigeuza sifa ya kubandika. Bibi yangu naye alikuwa na ndewe zilizotanuliwa kidogo kidogo kwa karatasi iliyokunjwa, leo nyembamba, kesho nene zaidi, mpaka zikapokea majasi. Majasi yaliuzwa zamani, ndewe zikabaki zikining'inia. Tulipokuwa wadogo tulizicheka. Laiti ningemuuliza ziliuma kiasi gani, na alijiona vipi kwenye kioo.

Sasa nirudi kwenye piko. Watu wengi wakiandika juu yake huilaani tu, kana kwamba wasichana wamerogwa. Hapana, piko imeshinda kwa jicho. Hina peke yake hutoka rangi ya chungwa, ikahitaji siku moja au mbili ndipo iive iwe nyekundu ya kahawia, na kwenye ngozi nyeusi mstari mwembamba hupotea. Piko hutoa weusi mkali kwa muda mfupi. Mpambaji hodari hujaza wekundu wa hina ndani, akazungushia piko nje, na ua linasimama kama limechongwa. Nimeona, napenda.

Lakini piko ni dawa ya kutia nywele rangi, na weusi wake hutokana na kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kipimo kisichozidi asilimia 2, na kuichora ngozini hauruhusu. Mara ya kwanza mtu anaweza asidhurike kabisa, kumbe mwili umeshaanza kuikataa. Mara ya pili unawaka, na kukataa huko mara nyingi hudumu maisha. Binti ami alipakwa Sikukuu iliyotangulia na hakupata hata muwasho. Siku ya harusi ilikuwa mara ya pili.

Malengelenge yalipopona, maua yalibaki. Yamepauka na kuinuka kidogo; ukipitisha kidole unayasoma. Huko bara na Msumbiji, Wamakonde walichanja nembo usoni, na aliyechanjwa alijua anakwenda kuumia na kwa nini. (Neno hilohilo leo ni muhuri wa juu ya barua za serikali.) Huyu wetu kapata nembo bila kuulizwa. Na hapa ndipo pananitesa kama mhakiki: mchoro ule ulikuwa mzuri kuliko yote niliyopata kuona. Mkono uliomchora ulikuwa wa fundi. Uzuri na jeraha vilipita kwenye mstari mmoja, nami kwa kutaka vigelegele nikachukua nusu yake.

Ninyi mnaoniletea miswada, nakuombeni kitu kidogo. Akiingia bi harusi, mpeni dakika moja ya kuwashwa.

Mwezi uliopita binti ami alikuja kwetu, akaniomba nimsomee tena lile shairi. Nikajitia sioni karatasi. Akalisema mwenyewe, kumbe kalihifadhi lote, mpaka ubeti wa mikono. Kisha akaniuliza, "Dada, mbona mie mwenyewe simo?"

Nimeanza kuliandika upya. Ubeti wa kwanza una beseni.