Lugha ya Habari katika Vita vya Bangi Mlimani Meru

Habari ya gazeti haina umri mrefu; huandikwa leo ikasahauliwa kesho. Kwa sababu hiyo wahakiki aghalabu huipita kama kitu kisichostahili mizani ya fasihi. Lakini ziko habari ambazo lugha yake yaweza kumponza mtu au kumwokoa, nazo zastahili kupimwa kwa makini kama upimwavyo ushairi. Miongoni mwa hizo ni habari zitokazo katika mashamba ya bangi ya Mlima Meru.

Mlima huo, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, wasimama juu ya jiji la Arusha. Bangi ipandwayo katika miteremko yake imepata sifa mbaya hata wavutaji wa mijini wakaiita "cha Arusha". Sheria ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na mwaka 2023 maofisa wake walipanda mpaka Kisimiri Juu, wilayani Arumeru, wakateketeza mashamba. Habari za operesheni hiyo zilienea nchini.

Sura ya habari za namna hii yajulikana. Hufunguliwa kwa hesabu ya ekari na magunia, hufuatwa na maneno ya mkuu wa msafara, na humalizwa kwa onyo. Vitenzi vyake ni vya askari: kufyeka, kuteketeza, kutia mbaroni. Mkulima akitajwa, hutajwa katika kauli ya kutendwa: amekamatwa, amehojiwa, amefikishwa mahakamani. Hana kitenzi chake mwenyewe. Msomaji haambiwi alianza kupanda lini, alimwuzia nani, gunia lilimpa faida gani, wala kwa nini mahindi hayakumtosha. Mwandishi aliyepanda mlima ndani ya gari la msafara huona kile tu kionekanacho kutoka dirishani mwake.

Asili ya kasoro hiyo ni neno "vita". Huko Sinaloa, nchini Mexico, neno hilo lina maana yake kamili. Javier Valdez Cárdenas, mmoja wa walioanzisha gazeti la Ríodoce mwaka 2003, aliandika juu ya watu wa kawaida walionaswa kati ya magenge na serikali, naye akauawa kwa risasi mjini Culiacán tarehe 15 Mei 2017. Mlimani Meru kazi kubwa ya panga ilikuwa kukata mimea. Neno likiazimwa bila kupimwa, kijiji kizima chageuka kambi ya adui. Kisimiri hiyo hiyo ina shule ya sekondari iliyopata kuongoza taifa katika mtihani wa kidato cha sita, lakini katika habari za vita shule haina mahali pa kukaa.

Yawezekana kujibiwa kwamba mwandishi aendaye peke yake hujitia hatarini, na kwamba kumtaja mkulima ni kumpeleka gerezani. Hoja hiyo ina uzito. Azory Gwanda, aliyeandika katika gazeti la Mwananchi juu ya mauaji ya Kibiti, alitoweka Novemba 2017. Hata hivyo, hatari haimlazimishi mwandishi kuficha mahali aliposimama. Aweza kumwambia msomaji kwamba alifuatana na askari na kwamba wenye mashamba hakuwasikia. Tena aweza kusitiri jina la mkulima na kuyahifadhi maneno yake, kwa maana kusitiri jina si kusitiri ukweli.

Nchi ya Meru yenyewe ina mfano. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1967 yeye na Earle Seaton walichapisha kitabu kiitwacho The Meru Land Case. Rufani ile haikuwarudishia Wameru ardhi yao wakati huo. Lakini katika kitabu kile aliyefukuzwa ndiye mtenda wa sentensi: aliona, akakataa, akasafiri, akasema.

Mambo hayo mawili hayalingani. Wameru wa 1951 walidai haki yao, na mpanda bangi avunja sheria ambayo ina sababu zake, kwani madhara ya dawa za kulevya si hadithi. Lakini kanuni ya kusimulia ni moja. Mwenye hatia naye ana habari yake. Mahakama humsikiliza kabla ya kumhukumu, na gazeti halina ruhusa ya kuwa na haraka kuliko mahakama.