Namba Mbili, Namba Nne, Namba Sita

Kuna kibanda umiza hapa Matema ambako mechi za ligi huangaliwa huku harufu ya usipa wanaoanikwa ufukweni ikipenya kwenye mabati. Filimbi ya mwisho ikilia watu hawaondoki. Hubaki wakibishana mpaka Milima ya Livingstone igeuke nyeusi na taa za wavuvi zianze kuonekana ziwani. Ubishi mmoja haujawahi kumalizika: kiraka bora, yaani mchezaji wa namba nyingi, kuwahi kuvaa jezi ya Taifa Stars ni nani? Jina linalorudi kila mara ni Erasto Nyoni, na mimi ni mmoja wa wanaolirudisha.

Moto wenyewe huwaka kwenye neno. Kiraka ni kitambaa cha kuziba suruali iliyotoboka, na hakuna aliyewahi kukisifia kiraka mbele ya suruali. Mzee mmoja mwalimu mstaafu, ambaye pale sote tunamwita Mwalimu, husema mchezaji akishaitwa hivyo ameshushwa kabla hajagusa mpira. "Wanangu, mtu mwenye namba yake kweli nani atamhamisha?" huuliza. "Huyo mnayemsifu anahamishwa kwa sababu hana kwao."

Shikamoo yake naiheshimu, lakini hapo Mwalimu simfuati. Huku kwetu Kyela mtu mmoja ana mpunga bondeni, ana kakao chini ya migomba, na pengine ana mtumbwi. Kila kazi kati ya hizo ina majira yake na uchovu wake, na kila moja ina mambo ambayo hujifunzi kwa kutazama. Mito ikifurika na mpunga ukalala majini, kakao ndiyo hulipa ada. Mtu huyo hatumwiti kiraka. Tunamwita mkulima.

Tazama kazi yenyewe. Namba mbili, beki wa kulia, ana chaki pembeni yake. Upande mmoja wa dunia yake umefungwa. Hatari hutoka mbele na kushoto tu, na mwili wake hukaa nusu umegeukia ndani. Mhamishie namba nne, katikati ya ulinzi, na ukuta ule umetoweka. Sasa uwanja wote uko mbele yake, na jaribu lake kubwa ni kutoka. Beki wa pembeni amezoea kumfuata mtu. Beki wa kati akimfuata mtu hatua tatu zaidi, ameacha mlango wazi nyuma yake. Kisha mpandishe namba sita, kiungo mkabaji. Hapo adui yuko mgongoni. Mpira ukiwa bado njiani kumjia, lazima awe ameshageuza shingo kulia na kushoto, maana akiupokea ndipo aanze kutafuta, ameshaporwa.

Kwa hiyo anayehama namba hahamishi miguu tu. Anabadilisha anachokiogopa. Nimemtazama Nyoni kwa miaka mingi na hilo ndilo lililonivutia: ungewasha runinga mechi ikiwa katikati, usingejua kama alianza hapo alipo au alisogezwa dakika tano zilizopita. Hakuwa mtu wa mbio kali. Alikuwa mtu wa kufika mapema. Mguso wa kwanza ulikuwa mtulivu, pasi ya pili ilikuwa imeshaamuliwa, na mara nyingi alikatiza mpira akiwa amesimama, kazi ambayo wengine huifanya kwa kujitupa chini.

Nje ya soka, mchezo ambao umemfikiria mtu wa namna hii kwa makini kuliko mingine ni kriketi, hasa ile ya mataifa inayochezwa siku tano. Sijawahi kuiona ikichezwa Kyela, lakini shauri lake linaeleweka kwa urahisi. Kuna kupiga na kuna kurusha, na wachezaji wengi huchaguliwa kwa kimoja. Anayeviweza vyote viwili hafichwi kwenye neno la suruali. Hukalishwa kwenye kiti cha mbele. Garfield Sobers wa West Indies alicheza mechi 93 za aina hiyo kati ya 1954 na 1974, akapata mikimbio 8,032 kwa kupiga na wiketi 235 kwa kurusha. Na kurusha kwenyewe alikuwa na mitindo mitatu: wa kasi, na miwili tofauti ya kuzungusha mpira. Jacques Kallis wa Afrika Kusini alimaliza na mikimbio 13,289 na wiketi 292. Mpaka leo watu hugombana nani zaidi kati yao, na wote wana daftari la kusomea.

Jirani zetu Wakenya hawajawahi kupewa hadhi ya kucheza mechi hizo za siku tano, lakini tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, kwenye Kombe la Dunia la mechi za siku moja, waliishangaza West Indies. Kenya ilipata 166. West Indies ikaanguka kwa 93. Mchezaji bora wa siku ile alikuwa nahodha Maurice Odumbe, aliyechukua wiketi tatu kwa kutoa mikimbio 15 tu. Odumbe alijulikana kwanza kwa gongo lake. Siku gongo halikutosha, mkono ulikuwepo.

Kutoka huko nimepata kipimo ninachokipeleka kibandani. Mnyang'anye mchezaji kazi moja, halafu uliza kama jina lake bado lingekuwa kwenye kikosi kwa ile iliyobaki. Wengi tunaowaita viraka huanguka hapo: wanacheza namba tatu tofauti kwa sababu hawana hata moja iliyo yao. Nyoni haanguki. Azam ilipotwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi, na kuukamilisha hapo jirani, Uwanja wa Sokoine Mbeya, kwa kuifunga Mbeya City 2-1, alikuwa mtu wa kikosi kile. Akahamia Simba mwaka 2017 na kutwaa ubingwa misimu minne mfululizo.

Na Taifa Stars? Juni 2007, akiwa kijana mdogo, alifunga bao pekee tulipoishinda Burkina Faso kwao Ouagadougou. Karibu miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 24 Machi 2019, tulipoifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kurudi kwenye fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980, bao la pili lilikuwa penalti. Aliyeuweka mpira kwenye nukta alikuwa Nyoni.

Mabao hayo yameandikwa. Kisichoandikwa ni zile dakika za sitini alizoinuliwa kidole kutoka benchi, akatoka namba mbili kwenda nne au nne kwenda sita, na timu ikatulia. Ndiyo maana Mwalimu anaendelea kutushinda kwa sauti: sisi hatuna daftari. Nawaomba mnaotunza takwimu za ligi yetu, mnapoandika jina la mchezaji, andikeni pia namba aliyocheza na dakika aliyohamishwa.