Mafundi wa Foleni

Anayetaka kuiiga hospitali ndani ya kompyuta haanzii kwenye kompyuta. Tuseme kazi ni ya hospitali ya wilaya ya Mbarali, pale Rujewa. Fundi angekaa kwanza kwenye benchi la wagonjwa wa nje, saa mkononi: huyu kafika lini, kaitwa lini, maabara imemkalisha kwa muda gani. Angeona kwamba anayepimwa hupanga foleni ya daktari mara mbili, kujieleza na kurudi na majibu, ilhali mapokezi wamemhesabu mara moja. Angeuliza pia habari za msimu wa mpunga wa Usangu, maana watu hawaugui wala hawapati nafasi ya kuja kwa kipimo kimoja mwaka mzima.

Ufundi wenyewe uko katika kuheshimu kupandashuka huko. Chukua daktari mmoja anayetumia wastani wa dakika 10 kwa mgonjwa, na wagonjwa wanaofika, kwa wastani, kila dakika 12. Kwa hesabu ya vidole, daktari anapata hata muda wa kupumua. Lakini watu hufika watatu kwa mkupuo, na mmoja wao ana shida ya nusu saa. Kanuni ya foleni zisizo na mpangilio inatoa wastani wa kusubiri dakika 50. Wakifika kila dakika 11, zinakuwa 100. Kwa dakika moja tu! Na lawama, kama kawaida, angebebeshwa daktari.

Norman Bailey wa Uingereza alilichezea jambo hili mwaka 1952 kwa wagonjwa wa kubuni waliotokana na namba za nasibu. Ushauri wake: waite wawili kliniki inapofunguliwa, wengine wapishane kwa wastani wa muda wa daktari.

Kwetu Tanzania, Ivor Langley wa Liverpool na wenzake, Watanzania wakiwamo, waliiga safari ya mgonjwa wa kifua kikuu, wakaiunganisha na hesabu za maambukizi mitaani. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba kusambaza kipimo cha Xpert nchi nzima kungestahili gharama yake, ingawa fedha zinazohitajika ni nyingi. Ninachowavulia kofia ni kutoishia mlangoni mwa maabara.

Wasimamizi wa hospitali, msingoje programu. Kwenye kila kadi andikeni saa mgonjwa alipofika na saa alipoitwa. Bila hizo fundi hana pa kuanzia.