'Jina la ukoo' lisilotaja ukoo

KUNA kauli moja katika fomu zetu ambayo nimeivumilia kwa miaka mingi, ila leo nataka kuikosoa: "jina la ukoo". Aghalabu ndiyo tafsiri tunayolipachika jina la mwisho la mtu, kwa kufuata mazoea ya Wazungu. Kwa Mgusii wa Kisii au Nyamira, jina hilo kwa kawaida ni la baba, au la babu. Ukoo haumo.

Utaniambia si neno. Ni neno, tena zito. Majuzi mjukuu wa ndugu yangu alinitembelea Nyamira, akanieleza kuwa amepata mchumba. Nikamuuliza, ni wa egesaku gani? Akacheka. "Sokoro, usiwe na wasiwasi. Majina yetu ya ukoo ni tofauti kabisa." Tulipoketi na wazee wa upande wa pili, ikabainika kwamba baba wa babu yangu ndiye shina lao wote wawili. Tawi la msichana lilihamia mashamba ya makazi ya Borabu miaka ya 1960, likasahaulika. Posa ikavunjika pale pale, maana kwetu watu wa egesaku moja hawaoani. Msichana alilia.

Ilikuwaje? Chukua mfano wa kubuni. Mzee Makori aliwazaa Nyakundi na Moseti. Nyakundi akamzaa Momanyi, akaandikwa Momanyi Nyakundi. Moseti akamzaa Matara, akaandikwa Matara Moseti. Baada ya Makori kufariki, Momanyi alipata mwana, akampa jina la marehemu: Makori Momanyi. Binti wa Matara naye akaitwa Kwamboka Matara. Je, fomu gani itakuonyesha kwamba hawa wawili ni damu moja?

Desturi hii ya kurithisha majina ya marehemu ni tamu, lakini humtatiza anayetafuta nasaba. Kwamboka ni jina la kuvuka, Nyanchera la njia, Kerubo la mbuga. Hata hivyo, Kwamboka wa leo huenda hajavuka mto wowote. Aliyevuka ni bibi aliyemwachia jina. Vilevile, orodha ya mababu yenye akina Makori wawili inaweza kukunjwa, wawili wakawa mmoja, na vizazi kadhaa vikapotea. Ndiposa hata historia ya Wagusii aliyoiandika William Ochieng' (1974), iliyotegemea mno masimulizi ya wazee, yafaa isomwe kwa tahadhari hiyo. Kuhesabu vizazi kwa majina pekee ni mtego.

Si sisi tu tulio na fumbo hili. Wakanada wenye asili ya Ufaransa waliwahi kuliongezea jina la familia jina la pili kwa neno dit, yaani "aitwaye". Katika ukoo wa Hudon dit Beaulieu, baadhi ya wazawa walibaki Hudon, wengine wakawa Beaulieu. Ukiwatazama leo utadhani hawajuani. Afadhali wao wana madaftari ya parokia ya ubatizo na ndoa, yaliyoanza karne ya 17. Daftari letu sisi ni wazee, nao wanaondoka.

Kiswahili hakijakosa maneno. Tuna nasaba, Pwani wana mlango, Ekegusii nayo ina enyomba, neno lenye undugu na nyumba yetu. Basi fomu na iseme "jina la baba" au "jina la mwisho", halafu "jina la ukoo" tuliachie ukoo wenyewe. Nyumbani nako, tuandike jina la mtoto, la marehemu aliyerithiwa, ya mababu kadiri yanavyokumbukwa, na egesaku.

Mjukuu wetu ameshanunua daftari lake. Jina la kwanza aliloliandika baada ya lake ni la binti yule, chini ya neno "dada".