Faili Lisilo Mikononi Mwako: Uhakiki wa Istilahi za Msingi za Kompyuta kwa Wanaoanza, Nakivale na Mbarara

Istilahi za kompyuta katika Kiswahili zimehakikiwa mara nyingi kwa swali moja: je, neno limeundwa vizuri? Tarakilishi imepimwa dhidi ya kompyuta, puku dhidi ya kipanya, nywila dhidi ya neno la siri, na kila upande umepata mawakili wake. Makala haya yanauliza swali jingine, ambalo kwa mwalimu ndilo la kwanza: mtu ambaye hajawahi kukishika kifaa, akiisikia istilahi hiyo, atafanya nini? Uwanja wa uhakiki ni makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, pamoja na jiji la Mbarara, ambalo wakazi wa makazi hayo hulitegemea kwa soko kubwa, hospitali na masomo ya juu. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu Kiswahili hakina mwenyewe pale. Mjini huzungumzwa Runyankore. Makazini husikika Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhara na lugha kadhaa za mashariki mwa Kongo. Na Kiswahili huwaunganisha wengi wao bila kuwa lugha ya nyumbani ya wote. Istilahi inayosimama hapo imefaulu mtihani ambao Dar es Salaam na Nairobi haziwezi kuutunga.

Darasa lenye lugha nne

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda, na leo kanda zake za Base Camp, Juru na Rubondo zina watu zaidi ya laki moja. Mwanafunzi aliyesoma Kongo huja na maneno ya Kifaransa cha shule: ordinateur, clavier, souris. Mnyarwanda ana mudasobwa, yaani kitu kisichokosea. Mrundi ana imashini nyabwonko, mashine yenye ubongo. Mwalimu aliyepata mafunzo yake Mbarara amesoma kwa Kiingereza, na Kiswahili chake, mara nyingi, amekiokota njiani. Hilo si kosa lake. Nchini Uganda Kiswahili kilihusishwa kwa miaka mingi na jeshi na polisi, na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukiondolea hofu hiyo. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kati ya idhini na mwalimu aliye tayari pana safari ndefu. Tena, juu ya yote hayo, mashine iliyo mezani inaandika Kiingereza.

Ubishi wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi haufai kutuchelewesha. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kupotea kwa kutojua jina la mashine iliyo mbele yake. Ikiwa lazima tuseme neno juu ya majina, mudasobwa ndilo linalostahili tahadhari, pamoja na uzuri wake wote: linafundisha imani. Mkimbizi ambaye jina lake limeandikwa vibaya kwenye kumbukumbu za mgao anahitaji kuamini kwamba mashine hukosea, maana iliandikiwa na mtu.

Faili na hifadhi

Uzito wa suala unaanzia kwenye maneno yanayoonekana mepesi kabisa. Chukua faili. Katika vitabu vya wanaoanza, faili huelezwa kuwa waraka au mkusanyiko wa taarifa uliopewa jina na kuwekwa kwenye kompyuta. Maelezo hayo yanadhani kwamba neno limefika kwa msomaji likiwa tupu. Kwa mkimbizi halikufika tupu. Faili ni lile linalotunzwa ofisini, lenye habari za familia, kisa cha kukimbia na hatima ya maombi. Hufunguliwa na afisa, husomwa na afisa, na likifungwa mwenyewe huambiwa tu. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda na UNHCR ziliwahakiki upya wakimbizi nchini kote kwa alama za vidole na mboni za macho. Aliyepita kwenye foleni ile anajua faili ni nini. Mwalimu anapomwambia, “Fungua faili lako, kisha ulifute,” sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na kiistilahi, lakini inamwagiza jambo ambalo maishani mwake hana mamlaka nalo, na ambalo likitendeka ni balaa.

Neno la pili ni hifadhi. Wafasiri walilichagua kwa tendo la kuweka kazi isipotee, na kwa vigezo vya kawaida walichagua vyema. Nakivale, hata hivyo, kuomba hifadhi ni kuomba kupokelewa na kulindwa na dola. Maana hizo mbili zinakaribiana kiasi cha kupotosha: kazi iliyohifadhiwa katika kompyuta ya pamoja haijalindwa dhidi ya yeyote. Anayekaa kiti hicho baada yako anaweza kuifungua. Mwanafunzi aliyeandika barua ya maombi, akaihifadhi na kuondoka akiwa na utulivu, amedanganywa na neno zuri. (Alama ya kitendo hicho katika programu nyingi bado ni picha ya disketi, kifaa ambacho kijana wa Rubondo hajawahi kukiona, picha nayo haimsaidii.)

Pendekezo si kuyatupa maneno haya. Faili limeshaenea, na hifadhi halina mbadala ulio bora, ingawa mitaani husemwa kusevu. Kinachohakikiwa ni desturi ya kuyafundisha kama visawe vya Kiingereza bila kuyatenga na maana alizonazo msikilizaji. Somo la kwanza la faili Nakivale lingepaswa kumfanya mwanafunzi aunde faili lake, alipe jina, alifute na kuliunda tena, mpaka neno limkubali kuwa mwenyewe.

Pakia na pakua

Hapa waundaji wa istilahi walikuwa na bahati, kisha wakaizidisha. Kupakua, kwa mpishi, ni kutoa chakula chunguni na kukiweka sahanini. Picha hiyo inafahamika Kigoma, Bukavu na Mbarara, na inaonyesha mwelekeo barabara: kitu kinatoka kule kinakuja kwangu. Kupakia, kwa upande wake, ni kazi ya gati na lori. Jozi hiyo inapendeza kwa sababu irabu moja tu ndiyo inayotenganisha vitendo viwili vinavyopingana, na kwa sababu hiyohiyo ni mbovu kwa anayeanza. Katika chumba chenye mashine chache na sauti nyingi, mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu hasikii tofauti kati ya -i- na -u-. Mara nyingi anachohitaji kufanya ni kuweka cheti kwenye barua pepe au kwenye fomu ya maombi ya chuo. Kwa kazi hiyo kuna ambatisha, neno linalosema tendo lenyewe. Pakua libaki, pakia lisubiri somo la baadaye, au liachie nafasi pandisha.

Neno la siri ambalo si neno

Ikiwa ipo istilahi moja ambayo washauri wa sera wangepaswa kuishughulikia kabla ya nyingine zote, ni hii. Kuna vitu vitatu. Cha kwanza hufungua akaunti na hudumu mpaka mwenyewe akibadilishe; kinaitwa nywila, neno la siri au paswadi. Cha pili ni tarakimu chache zinazoidhinisha pesa kwenye simu. Kinaitwa namba ya siri, au pini. Cha tatu ni tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe, hutumika mara moja na kufa. Hiki hakina jina lililotulia, na msemaji huita namba, msimbo au kodi. Hilo la mwisho, likitoka kwenye kinywa kilichozoea Kifaransa, linagongana na kodi ya nyumba na kodi ya serikali.

Tapeli hahitaji zaidi ya mkanganyiko huo. Hupiga simu na kusema, “Nisomee ile namba uliyotumiwa.” Mtu aliyefundishwa kwamba namba ya siri haitolewi hajavunja fundisho lolote kwa kuisoma, kwa kuwa hiyo, katika ufahamu wake, si namba ya siri; ni namba aliyotumiwa. Nywila imeandikwa kamusini, lakini haimwambii chochote. Neno la siri linamwambia lisilo kweli: anaambiwa ni neno, naye anaweka neno, kwa kawaida jina la mtoto wake. Afadhali vyote vitatu vijengwe juu ya siri: siri ya akaunti, siri ya pesa, siri ya mara moja. Mkondo huo haupendezi kama nywila. Unalinda.

Mizania ya kupimia

Wengi wetu tumelelewa na vigezo vya PEGITOSCA, alivyovipendekeza Kiingi, msomi wa Uganda. Usahihi, uwekevu, uangavu na kukubalika vimo humo, na bila mizania hiyo mijadala yetu ingekuwa ya ladha tu. Udhaifu uko katika matumizi yake. Uangavu hupimwa na mjuzi anayeiona mizizi ya neno, na kukubalika huulizwa warshani. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikaribia dawa, kwa kuwa uliweka maneno kwenye kioo chenyewe, mahali yanapotendwa. Kamusi Sanifu ya Kompyuta ya mwaka 2011 na orodha za BAKITA zimewafaa wafasiri. Anayeanza Nakivale hatafsiri; anatafuta kitufe.

Wapo watakaosema kwamba kuruhusu kila makazi yapime istilahi ni kuvunja usanifu. Pingamizi hilo lina nguvu: tayari Kenya na Tanzania hazikubaliani juu ya namba na nambari. Lakini Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, sasa inahudumia Jumuiya ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, na wasemaji hao wapya wa Jumuiya wamekuwapo Nakivale miaka mingi kabla ya mkataba. Orodha fupi ya maneno kama arobaini ya wanaoanza, vitenzi vikitangulia nomino, kila neno likiambatana na alama yake ya kwenye kioo, inaweza kujaribiwa Juru na katika madarasa ya Mbarara kabla ya kupigiwa muhuri. Mjaribiwa asiulizwe kama neno analipenda. Aambiwe, “Ambatisha cheti chako,” kisha mjaribu anyamaze na kuangalia mkono unakwenda wapi.