Bei ya Kitabu cha Kale: Buha Katika Masoko ya Mbali

Biashara ya vitabu vya kale haijulikani sana nchini petu, na pengine ndiyo sababu wahakiki wetu hawajaijadili. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Hatujazoea kumhakiki mtu anayenunua kitabu si kwa ajili ya kukisoma bali kwa kuwa kimezeeka na nakala zake zimepungua. Katika makala hii tunakusudia kumtazama mtu huyo na kipimo chake, kisha kukipeleka kipimo hicho hadi nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, ambako husemwa kwamba hakuna maandishi ya kale yanayostahili kutajwa. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo, ingawa tunakiri kwamba tuliwahi kuitamka wenyewe mbele ya wanafunzi.

Kwanza yafaa tueleze mfanyabiashara huyu anatazama nini. Huuliza kama kitabu ni chapa ya kwanza. Kama jalada ni lile lile la asili. Kama ramani na picha zote zimo. Kama kuna saini ya mwandishi au ya mtu mashuhuri aliyewahi kukimiliki. Maneno yaliyomo huja mwisho, na mara nyingine hayaji kabisa. Kitabu kilichosomwa sana hadi kikachakaa, yaani kilichofanya kazi yake, hushuka bei. Kile ambacho hakikufunguliwa tangu kilipotoka kiwandani ndicho hupanda.

Miongoni mwa nchi zilizoijua biashara hii tangu zamani ni zile za Asia ya Mashariki. Beijing ilikuwa na mtaa wake wa maduka ya vitabu, Liulichang; Tokyo ina mtaa wa Jinbocho hadi leo. Huko China, katika mji wa Huzhou, aliishi Lu Xinyuan, aliyekusanya maktaba iliyosifiwa kwa vitabu vyake vya enzi ya Song, na mwenyewe akaiandikia orodha iliyopigwa chapa. Mwaka 1907, baada ya kufa kwake, warithi waliiuza kwa familia ya Iwasaki ya Japani, nayo sasa imo katika maktaba ya Seikado, Tokyo. Wanazuoni wa China waliumia sana. Lakini tukio lililofuata ndilo tunalotaka mwalimu alizingatie: muda mfupi baadaye maktaba nyingine kubwa, ya familia ya Ding wa Hangzhou, ilinunuliwa na serikali na kuwekwa katika maktaba mpya ya umma mjini Nanjing, isije ikafuata njia ile ile. Wachina waliweza kushtuka kwa sababu walijua kilichoondoka. Kilikuwa na orodha.

Pwani yetu nayo ina historia yake katika jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa alimnakilia William Taylor mashairi ya Muyaka. Huko Lamu, Muhamadi Kijumwa, mshairi na mwandishi mwenye mkono mzuri ajabu, alinakili tenzi kwa hati za Kiarabu na kuwapelekea wataalamu wa Ulaya kwa malipo, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Sehemu kubwa ya kazi hizo imo London na Ujerumani. Hatusemi kwamba yote yaliibwa. Kijumwa alikuwa fundi, na fundi hulipwa. Tena si zote zilizokwenda ng'ambo: J. W. T. Allen alizikusanya nyingi kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1970 orodha yake ilichapishwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanga au Lindi anaweza kuambiwa: tazama, wazee wako waliandika.

Mwanafunzi wa Kasulu huambiwa nini? Buha ya kale haikuwa na hati. Nasaba ya mwami, mipaka ya nchi, haki za watwale na za walinzi wa ardhi, yote yalitunzwa vichwani na kutamkwa kwa mdomo. Basi watu wakafikia uamuzi wa haraka kwamba nchi hii haimo katika vitabu vya kale. Kumbe imo. Tena imo katika kitabu kinachouzwa na kununuliwa mwaka hadi mwaka katika maduka ya London.

Kitabu hicho ni cha Henry Morton Stanley kuhusu safari yake ya kumtafuta Livingstone, kilichotoka London mwaka 1872. Wengi wanakijua kwa tukio moja tu, lile la Ujiji. Lakini kabla ya kufika Ujiji, mwishoni mwa mwaka 1871, Stanley alivuka mto Malagarasi na kuipita Buha upande wa kusini, na kurasa anazoieleza njia hiyo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo yaliyopigwa chapa kuhusu Waha. Anasimulia kwamba mkuu mmoja aitwaye Mionvu alimdai nguo 100. Baada ya mabishano marefu wakakubaliana 75. Kesho yake akadaiwa tena, akatoa 26. Alipoambiwa kwamba mbele kuna wakuu wengine wanaongoja, alinunua nafaka ya siku kadhaa hapo hapo kwa Waha, akamlipa kiongozi wa njia, akatoroka usiku na msafara wake kupitia porini.

Yote hayo anayasimulia kama kisa cha msafiri mwema aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Hapa ndipo uhakiki unapoanza. Malipo yale yaliitwa hongo. Mwanafunzi wa leo akilisikia neno hili huwaza rushwa, na maana hiyo mpya inamsaidia Stanley bila yeye kujua. Lakini katika njia za misafara ya karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru: mwenye nchi alitoza, mpitaji alilipa, na malipo hayo yalikuwa alama ya kukubali kwamba nchi ina mwenyewe. Waha walikaa katika njia ya biashara, na chumvi ya Uvinza ilitafutwa mbali sana. Mtu aliyeingia na marobota ya nguo na watu wenye bunduki, asiyejulikana aendako wala kwa nini, angetegemea nini? Tuseme kweli, huenda Mionvu alizidisha. Ushuru wa nguo 100 si mdogo, na kuna mtoza ushuru gani asiyejaribu? Lakini kuzidisha ushuru ni jambo moja, na unyang'anyi ni jambo jingine. Mwandishi anayavuruga mawili haya kwa makusudi, kwa sababu msomaji wake alihitaji shujaa.

Tena kitabu chenyewe kinamsaliti mwandishi. Katika ule usiku wa kutoroka, mwanamke mmoja wa msafara alianza kupiga kelele porini. Stanley anaeleza, bila haya, jinsi alivyomchapa mjeledi pigo baada ya pigo hadi akanyamaza. Mwanamke huyo ametajwa tu kuwa mke wa mmoja wa wapagazi. Tunajua idadi ya nguo alizopewa Mionvu; hatujui jina la mwanamke huyu wala alichokuwa akikililia. Tunawashauri walimu wa fasihi na historia wasome sehemu hii pamoja na wanafunzi wao polepole, kwani inafundisha juu ya msimulizi kuliko kurasa nyingi za kumsifu.

Sasa turudi kwa mfanyabiashara wetu. Kwake, ukurasa wa mjeledi na ukurasa wa Mionvu havibadili bei hata senti moja. Anachouliza ni kama ramani imekunjwa vizuri. Mwaka 2002 nyumba ya minada ya Christie's mjini London iliuza mkusanyo wa vitu vilivyokuwa vya Stanley. Maandiko yake mengi yanatunzwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba kitabu hiki cha 1872 hakikuwa adimu hata kidogo. Kilipigwa chapa kwa wingi, kikatafsiriwa, na leo maneno yake yote yanasomwa bure kwenye intaneti. Uadimu wake ni wa jalada. Kilicho adimu kwa kweli ni upande wa pili wa mazungumzo yale: Mionvu aliwaambia nini wazee wake jioni ile, nguo 75 zilikwenda kwa nani, na watu walisema nini asubuhi walipoikuta kambi tupu. Hicho hakimo katika duka lolote.

Kuna kitabu cha pili ambacho soko halikijui. Wakati wa utawala wa Waingereza kila wilaya ya Tanganyika ilikuwa na Kitabu cha Wilaya, jalada la kurasa zilizopigwa taipu na kuongezwa mwaka hadi mwaka: orodha za watawala, mila, historia iliyokusanywa kwa wazee, mashamba, barabara. Kasulu ilikuwa nacho, Kibondo nayo ilikuwa nacho. Vimetunzwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na picha zake za filamu zimo katika maktaba kadhaa za ng'ambo. Ni maandishi ya mtawala, bila shaka, yaliyoandikwa ili kodi ikusanyike na machifu wajulikane. Lakini wazee wa Heru na wa Muhambwe wanasikika humo, japo kwa sauti iliyochujwa. Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963. Wilaya zenyewe zimegawanywa, Buhigwe ikatoka Kasulu na Kakonko ikatoka Kibondo. Kurasa zile zimebaki, na ni shule chache mno zenye nakala hata ya ukurasa mmoja.

Cha tatu hakistahili hata kuitwa kitabu. Wakati wa utawala wa Waingereza Waha wengi walichukuliwa manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na shirika la wenye mashamba la kuandikisha vibarua, lililoitwa SILABU, lilikuwa na mkono wake Kigoma. Kila kibarua alipewa kipande, karatasi ngumu ambayo juu yake siku 30 za kazi zilitiwa alama moja moja. Vipande hivyo, pamoja na barua kutoka mashambani, stakabadhi za kodi ya kichwa na vyeti vya ubatizo, vingalimo katika masanduku ya mabati ya nyumba kadhaa. Vingine havimo tena. Tumewahi kununua dagaa sokoni Kasulu waliofungwa kwa karatasi yenye mwandiko wa zamani, tukaikunjua, nayo ilikuwa nusu ya barua. Nusu ya pili alikuwa amekwisha kuondoka nayo mnunuzi wa mbele yetu.

Hakuna mfanyabiashara wa London au Tokyo atakayefunga safari kuja kununua kipande cha manamba, na kwa sasa hilo ni heri. Wakati bado upo. Lu Xinyuan alianza kwa orodha, nasi tunaweza kuanza kwa daftari la mistari: mwanafunzi wa Kibondo aandike karatasi ni ya nani, imetoka nyumba gani, imeandikwa mwaka gani, kisha airudishe ndani ya sanduku la mwenyewe. Juu ya kipande kuna jina la shamba na alama za siku. Babu aliyezifanyia kazi siku hizo, kama yungali hai, atajua kwa nini alama ya siku ya kumi na saba haipo.