Fomula ya Wajerumani na 74% yetu

Kila mwaka wakati wa kutuma dosye za kwenda kusoma inje, swali ni lile lile: "Mimi niko na 74%, kwa Wajerumani ni ngapi? Na kwa Wamarekani?" Mmoja anatupa fomula katika kikundi, mwingine anapiga hesabu kwa telefone, na kufika jioni watu wawili watatu wamekwisha kuacha kuomba. Leo nataka kuigusa hiyo fomula yenyewe, juu tunaiogopa kupita kiasi.

Munajua kwamba Ujerumani alama bora ni 1,0 na ya mwisho ya kupita ni 4,0. Marekani ni kinyume: A ni 4,0, na D ni 1,0. Kwa hiyo 4,0 ya Berlin ni ya kuponea chupuchupu, na 4,0 ya Chicago ni ya kufanyia sherehe. Ili kuleta alama za kigeni kwao, vyuo vikuu vingi vya Ujerumani vinatumia kile kinachoitwa fomula ya Bavaria iliyorekebishwa. Unachukua alama ya juu kabisa ya kule ulikosoma, unatoa alama yako, unagawanya kwa tofauti kati ya ile ya juu na ile ya chini ya kupita, unazidisha kwa 3, unaongeza 1. Njo mwisho.

Sasa tumpime Mmarekani mwenye wastani wa 3,0. Alama yake ya chini ya kupita ni ipi? Kama ni D, fomula inamupa 2,0, ni mwanafunzi muzuri. Lakini vyuo vingi vya kwao haviwezi kukupa diploma bila wastani wa 2,0. Tukiweka hiyo, anashuka hadi 2,5. Na kama ni wa master, ambako mara nyingi wanadai wastani wa 3,0, anatoka na 4,0 kamili, mlangoni pa kuanguka. Mtu mmoja, kazi moja, majibu matatu! Yote yanategemea namba ambayo karani wa ofisi ameiweka pale chini.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa sheria. Wajerumani wenyewe, katika mtihani wa serikali wa sheria, wanatumia pointi 0 hadi 18, na kupita ni 4. Ukipata 9 unaitwa "vollbefriedigend", na milango ya uhakimu na ya ofisi kubwa za mawakili inaanza kufunguka. Wengi hawafiki hapo. Kwa macho yetu, 9 kwa 18 ni 50%, mama angeuliza kama ulikuwa unasoma kweli. Mupitishe huyo katika fomula ya nchi yake: anapata 2,93. Kisha tumia ile njia ya mkato ya "5 kutoa alama ya Ujerumani" ili kumupeleka Marekani: 2,07, yaani C. Mtu wa mbele katika promosyo yake amekuwa wa C akiwa amekaa tu.

Tuje kwetu. Juu kabisa ni 100, kupita ni 50 (10 kwa 20 ya LMD ni sawasawa). Ile 74%, ambayo siku ya proklamasyo ilikuwa "distinction" na familia ilinunua soda, inakuwa 2,56. Master nyingi za Ujerumani zinakomea kwa 2,5. Ili kufika hapo unahitaji 75%. Na Mmarekani akiisoma asilimia yako kwa mazoea ya shule za kwao, 74 ni C.

Kasoro iko wapi? Fomula inahesabu kana kwamba kila kituo cha njia kina watu sawa. Katika fakilte ngapi za hapa kwetu umeona mtu wa 95%? Sehemu ya juu ya kipimo chetu iko karibu tupu, lakini tunalipia nafasi yake. Marekani sehemu hiyo imejaa: Rojstaczer na Healy walionyesha mwaka 2012 kwamba A ni zaidi ya 40% ya alama zote zinazotolewa vyuoni kule. Wazungu wanalijua jambo hili. Mfumo wa ECTS wa Ulaya unaomba kila chuo kionyeshe jedwali la ni wanafunzi wangapi, kwa mia, walipata kila alama, ili wa kumi wa juu walinganishwe na wa kumi wa juu.

Sisemi fomula ni ya wabaya. Karani mwenye dosye elfu mbele yake hawezi kujua ukali wa kila profesa wa Bukavu, na angalau hesabu yake inaonekana wazi, kila mtu anaweza kuirudilia. Lakini jedwali lile fakilte zetu zinaweza kulitengeneza kwa nusu saa, matokeo yote yako kwenye kompyuta ya sekretarieti. Wewe unayeomba mwaka huu, usijigeuzie alama kwenye CV kama hawakukuomba. Andika 74% yako, andika kwamba kupita ni 50, kisha nenda sekretarieti ukadai karatasi yenye muhuri: mulikuwa wangapi katika promosyo, wangapi walipata "distinction", na wewe ulikuwa wa ngapi. Watakuambia hakuna karatasi ya namna hiyo. Peleka mufano ulioandika mwenyewe, waweke saini tu.